Mlinganisho Mkuu wa Magurudumu Mawili na Matatu

Katika Jamhuri ya Tambarare hakuna milima. Jambo hilo lilipitishwa bungeni kwa kauli moja, na tangu hapo ramani zetu zimekuwa laini kama shuka lililopigwa pasi. Ukitoka mji wa Bondeni kwenda hospitali ya Kileleni, utapanda mpaka masikio yazibe, utashuka, kisha utapanda tena. Usije ukadhani umepanda mlima. Wizara imeshaeleza kwamba huo ni uchovu wa msafiri.

Safari hiyo watu huifanya kwa pikipiki au kwa bajaji. Pale sokoni Bondeni, bodaboda wana kijiwe chao upande mmoja wa barabara na watu wa bajaji wanacho chao upande wa pili, na kutwa nzima hutupiana maneno. Kila mmoja anajua kasoro za mwenzake kuliko anavyojua jina la mbunge wake.

Hodari wa maneno hayo walikuwa wawili. Zawena, mwanamke pekee kwenye kijiwe cha pikipiki, aliiita bajaji banda la kuku lililofungwa matairi. Alisema inapanda kwa kuugua, inakwama penye tope, na ikikutana na shimo haina pa kulikwepea, maana ukinusuru gurudumu la mbele, moja la nyuma litaingia. Ligawa, mzee wa bajaji mwenye umri wa kuweza kumzaa, alimjibu kwamba pikipiki ni chombo cha kuzoesha watu kuanguka. Bajaji ina paa. Bibi anakaa na kapu lake na mjukuu wake, anafika hajalowa, hajala vumbi, na nyonga zake zote mbili anazo.

"Binti, wewe abiria wako wakishuka wanashukuru Mungu," alisema siku moja. "Wangu wanashuka wakiwa wamelala usingizi."

"Wanalala kwa sababu hawafiki, mzee wangu."

Baada ya hapo wote wawili walivuka barabara kwenda kula mihogo ya kukaanga kwa Bi Mashavu, mama yake Zawena, mjane aliyeweka karai lake chini ya mwavuli katikati ya vijiwe viwili. Bi Mashavu hakuwa na upande. Aliwaambia tu wakanawe mikono, wote wananuka petroli.

Ugomvi huo ungeweza kuendelea hivyo miaka mingi bila kumdhuru mtu, kama Serikali isingeamua kuusaidia.

*

Waziri wa Magurudumu na Heshima, Mheshimiwa Ngulumbi, alitangaza redioni kuwa taifa haliwezi kusonga mbele huku wananchi wakibishana juu ya magurudumu. Lazima ijulikane kwa njia ya kisayansi kipi ni bora, chombo cha mawili au cha matatu, na kitakachoshindwa kipigwe marufuku. Kwa sadfa tu, wiki hiyo hiyo meli ilikuwa imeshusha bajaji mpya bandarini kwa jina la shemeji yake. Waziri alisikitika sana kuona watu wakiyahusisha mambo hayo mawili.

Ikaundwa Tume ya Mlinganisho Mkuu. Mwenyekiti wake alikuwa Daktari Shekiondo, msomi aliyepata shahada yake kwa kuthibitisha kuwa gurudumu ni duara. Tume ilikaa hotelini mpaka ikatoka na kanuni. Pikipiki moja na bajaji moja zitatoka Bondeni hadi lango la hospitali ya Kileleni, na Waziri atazipokea pale kwa utepe na kwaya. Pikipiki itaendeshwa na Zawena, bajaji na Ligawa, kwa kuwa sauti zao ndizo zilizofika mpaka wizarani.

Ilibaki kuamua zitabeba nini. Mjumbe mmoja mgeni wa kazi alipendekeza zibebe watu. Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, akamweleza kuwa watu hawafai kwa utafiti. Mtu hukohoa, huomba kujisaidia, na mbaya zaidi hutoa maoni. Badala yake Tume ilitengeneza magunia mawili ya mchanga, kila moja likiwa na uzito wa wajumbe wenyewe kwa wastani. Ndiyo maana hakukuwa na mwananchi hata mmoja wa Bondeni aliyelifikia hata nusu kwa uzito. Magunia yalivalishwa kofia ngumu, yakapewa cheo cha Raia wa Wastani, na dereva atakayemwangusha Raia atashitakiwa kama aliyeangusha mtu.

Kanuni ya mwisho ndiyo iliyowagusa watu wa njia ya Kileleni. Ilikataza mishikaki. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini kwa mgeni niseme: ni kupakia abiria wawili kwenye pikipiki moja, wakabanana na dereva kama nyama kwenye kijiti. Askari wa barabarani huiita hatari, na hawajakosea. Lakini kwenye njia ya Kileleni mgonjwa asiyeweza kujishika hubebwa hivyo hivyo. Anawekwa katikati, ndugu anapanda nyuma na kumzungushia mikono, kisha khanga inawafunga wote kwenye mgongo wa dereva. Watoto wengi wa Bondeni wapo duniani kwa sababu mama zao walifika hospitali kwa mishikaki. Tume ilisema haina takwimu za watoto hao.

*

Siku ya Mlinganisho ilianza kwa utaratibu mzuri. Polisi walikusanya funguo za pikipiki na bajaji zote wakazitia kwenye kapu, ili chombo kingine kisije kikaingia barabarani na kuvuruga sayansi. Kisha mgambo waliwapanga wananchi kandokando ya njia, nyumba kwa nyumba, wawe umma wenye furaha. Penye kivuli waliwekwa maofisa. Bi Mashavu na majirani zake, nami nikiwemo, walipangwa chini ya mwinuko ambao watu huuita Kata Pumzi na Serikali huuita Uwanda wa Amani. Majani pale yalifika kiunoni. Waliambiwa wakae humo humo, wakichomoza vichwa ionekane kuwa ni wengi, na wasisimame mpaka bendera ipungwe.

Bi Mashavu alikaa. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali alipohisi kitu kama mwiba wa moto juu ya kifundo cha mguu. Hakupiga kelele. Alimwambia jirani yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Mama Shida, nimeumwa na nyoka." Majani yakachezacheza. Mama Shida alimwona nyoka akiondoka, mnene, mfupi, hana haraka. Kifutu.

Kila mtu pale alijua la kufanya. Dawa ya sumu ya kifutu ipo hospitali ya Kileleni, kwenye friji, na kazi ni kuifikia mguu ukiwa bado mguu. Vijana wawili waliruka kwenda kutafuta pikipiki, wakakumbuka kapu la funguo. Wengine walitaka kumbeba mgongoni, lakini Kata Pumzi ni ndefu, na baada yake kuna njia ndefu zaidi. Uvimbe ulikuwa umeshazunguka kifundo.

Mama Shida alivuka barabara mpaka penye hema la Tume. Daktari Shekiondo alimsikiliza vizuri sana. Alitoka mwenyewe hadi kwenye majani, akavua miwani, akatoa pole kwa niaba ya Serikali. Mama Shida akamwambia gari lake liko pale, limeegeshwa, na dereva amekaa ndani.

Mwenyekiti alieleza kuwa gari lina magurudumu manne. Likipita barabarani leo, taifa zima litauliza kwa nini manne hayakulinganishwa.

"Basi mpandishe kwenye kimojawapo kati ya hivyo viwili," alisema Mama Shida. "Vinakwenda huko huko hospitali, tena vimebeba mchanga."

"Mama, fikiria unachoomba," Mwenyekiti alijibu kwa upole. "Akipanda kimoja, atakuwa amekipendelea. Akipanda vyote viwili, atakuwa amevilinganisha, na hiyo ni kazi ya Tume."

Alimpa Bi Mashavu kibendera kidogo cha karatasi, ili asijione ametengwa. Uvimbe ulikuwa umeanza kupanda ugokoni, na ngozi iling'aa kama biringanya.

*

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Zawena alitokea kwenye kona akiwa ameinama juu ya tenki, gunia limefungwa nyuma yake kwa mpira, kofia ya gunia ikigongagonga kofia yake. Bendera ikapungwa. Umma ulitakiwa kushangilia. Badala yake Zawena aliona watu wamesimama wakimpungia mikono chini, chini, simama, na katikati yao khanga anayoijua.

Alifunga breki mpaka gurudumu la nyuma likateleza. Alipouona mguu wa mama yake aligeuka hapo hapo. Alirudi kwenye pikipiki, akachomoa kisu cha kukatia mpira, na Raia wa Wastani akaporomoka kwenye lami, kofia ikabingirika mpaka miguuni pa Tume. Katibu wa Tume alivua kofia yake. Mwenyekiti alishika kifua.

"Umemwua," alisema.

Askari aliinua bunduki, kisha akasita. Kanuni zilitaja adhabu ya kumwangusha Raia, lakini hazikueleza apigwe risasi nani akiwa Raia mwenyewe ameanza kumwagika.

Zawena alimkalisha mama yake kwenye siti. Bi Mashavu alijitahidi kumshika binti yake kiunoni, lakini vidole havikukaza, na kichwa chake kiliangukia upande mmoja. Pikipiki ilipoondoka hatua chache tu, alianza kuteleza. Majirani wakamdaka. Zawena akajaribu tena. Akateleza tena. Hapo ndipo nilipoona mtu jasiri akiogopa. Alikaa juu ya mashine aliyoisifia maisha yake yote, na mashine haikuwa na mahali pa kumlaza mama yake.

Bajaji ilifika ikiugua, kama kawaida yake. Ligawa alisimama, akatazama mguu, akatazama gunia lililopasuka, akamtazama Zawena. Nilitegemea neno. Kwa miaka yote ile angekuwa na haki ya kusema neno moja.

"Mlete kwangu," alisema. "Huku atanyoosha mguu."

Alilikumbatia gunia lake mwenyewe, akalitupa nje. Raia wa pili akalala kando ya wa kwanza. Bi Mashavu akalazwa kwenye kiti cha nyuma, pazia likateremshwa jua lisimpige, na Mama Shida akampa khanga ya pili ya kuwekea chini ya goti. Zawena alitangulia mbele akipiga honi. Nyuma yao Daktari Shekiondo alikuwa akiingia kwenye gari lake la magurudumu manne, kipaza sauti mkononi. Kuwafukuza wahalifu hakukuhesabika kuwa ni safari.

*

Ukimuuliza mtu yeyote wa Bondeni leo atakuambia kuwa bajaji ilipanda Kata Pumzi siku ile kwa namna ambayo haikuwahi kupanda. Ligawa aliikaza kwenye gia ya kwanza huku akizungumza na mgonjwa bila kunyamaza, akimuuliza mihogo ya leo aliikaanga kwa mafuta gani, analalaje mtu mchana kweupe, nani atawakemea wanawe wa kijiweni kwa mikono michafu. Mwanzoni Bi Mashavu alimjibu. Baadaye aliguna tu. Walipofika juu alikuwa haguni tena, na uvimbe ulikuwa unalitafuta goti.

Kutoka pale njia inashuka kwenye korongo. Hapo zamani palikuwa na daraja. Masika yalilichukua, na mwaka uliofuata Mheshimiwa Ngulumbi alilizindua upya kutoka kwenye helikopta, kwa hiyo kwa taarifa za Wizara daraja lipo. Macho ya kawaida huona mbao mbili zilizolazwa sambamba, pamoja zikiwa na upana wa mkeka, na chini yake maji ya kahawia. Siku za kawaida bajaji huvuka hapo kwa kunyanyuliwa na watu.

Kwa ajili ya Mlinganisho, Vijana wa Chama walikuwa wamewekwa pale wakiwa na fulana mpya. Kazi yao ilikuwa kuinyanyua bajaji juu juu na kuivusha, halafu waseme imevuka yenyewe. Ligawa aliwaita. Waliisogelea, wakachungulia ndani, wakarudi nyuma.

Kiongozi wao aliuliza gunia liko wapi. Ligawa akamwambia kuna mtu anakufa humu. Kijana yule alionekana kuumia kweli, nisimsingizie. Alisema maagizo yao ni kuvusha bajaji yenye Raia wa Wastani, na huyu mama kwa kumtazama hafikii wastani. Akafunga mikono kifuani. Wenzake nao wakafunga.

Gari la Tume lilikuwa linasikika nyuma, likishuka.

Ligawa alizima bajaji. Ni bajaji aliyoinunua kwa kuuza shamba la mahindi, na pazia lile lilishonwa na mkewe. Aliuacha ufunguo ndani.

"Mweke katikati," alimwambia Zawena. "Mimi nakaa nyuma."

"Ni mishikaki, mzee. Watatufunga."

"Watufunge wakitupata tumefika."

Walimpandisha. Ligawa alikaa nyuma kabisa, ambapo siti inaisha na chuma kinaanza, mtu mzima mwenye kitambi aliyeapa hadharani kwamba hatakalia pikipiki mpaka siku ya jeneza lake. Alipitisha khanga ikawazunguka wote watatu, akaifunga fundo kifuani pa Zawena. Kichwa cha Bi Mashavu kililala kati ya mabega ya binti yake.

Juu ya kilima kipaza sauti kililia. "Abiria mmoja ashuke! Kwa mujibu wa kanuni, abiria mmoja ashuke!"

Zawena aliweka gurudumu la mbele juu ya ubao.

Hapa bajaji isingepita, hata ingeendeshwa na malaika. Gurudumu la mbele la pikipiki likishapata njia, la nyuma linaifuata hiyo hiyo, na kinachohitajika ni dereva asiyetazama chini na mzigo usiotikisika. Mzigo huu ulikuwa watu wawili, mmoja hajitambui. Ligawa alifumba macho na kuubana mwili wake kwenye miili ya wenzake mpaka wakawa kitu kimoja. Ubao wa kulia uliinama. Ukalia. Klachi ikashikwa nusu, mashine ikatembea kwa mwendo wa mtu anayebeba maziwa kichwani, na Vijana wa Chama wakasahau mikono yao, ikafunguka yenyewe.

Walivuka. Nyuma yao gari la Tume lilisimama ukingoni. Daktari Shekiondo alilitazama daraja lililozinduliwa, akamwamuru dereva wake apite juu yake. Dereva alishuka garini na kwenda zake.

*

Langoni Kileleni utepe ulikuwa umefungwa. Waziri alikaa kwenye kochi, kwaya ilikuwa tayari, na wauguzi wote wa hospitali walikuwa wamepangwa mstari kwa sare mpya na amri ya kutosogea hadi Raia wa Wastani apokewe. Pikipiki ilipotokea ikiwa na watu watatu, kwaya ilianza kuimba kwa mazoea, kisha sauti zikakatika moja moja.

Zawena hakupunguza mwendo. Utepe ulimnasa kifuani, ukakatika, ukampepea begani mpaka mlango wa wagonjwa wa dharura. Sista Domitila, muuguzi mkuu, mama wa makamo, alitoka kwenye mstari. Ofisa mmoja alimwita arudi. Sista alimwambia alete yeye mwenyewe machela, kwa kuwa amesimama bure. Ofisa akaleta machela.

Dawa ilikuwapo. Bi Mashavu aliishi. Lakini mguu ulikuwa umekaa na sumu kupita kiasi, na siku chache baadaye walimkata chini kidogo ya goti. Daktari alimwambia Zawena, bila kumlaumu mtu, kwamba angeletwa wakati uvimbe uko kifundoni wangemtibu na kumrudisha nyumbani kwa miguu yake.

Zawena na Ligawa walikamatwa siku hiyo hiyo, kwa kumwua Raia wa Wastani mara mbili na kupakia mishikaki. Wakaachiwa kwa dhamana. Kesi yao haijasikilizwa, kwa sababu marehemu wamezolewa na mafundi waliokuwa wakijenga choo cha Tume.

Matokeo yalitangazwa redioni. Bajaji ilishinda. Mwenyekiti alifafanua kuwa dereva wa bajaji alifika langoni kabla ya chombo chake, jambo ambalo pikipiki haikuweza.

*

Mheshimiwa Ngulumbi alikuja wodini na kamera. Bi Mashavu alikuwa amepewa mikongojo asubuhi ile, na alikuwa kwenye ujia akijaribu kutoka kitandani hadi dirishani, Zawena upande mmoja, Ligawa upande mwingine, mikono yao wazi bila kumgusa. Alikuwa ameshaanguka mara kadhaa. Jasho lilimtiririka.

Waziri alisimama katikati ya ujia, mahali penye mwanga mzuri. Alihesabu kwa kidole, kamera ikimfuata: mguu mmoja, mkongojo wa kwanza, mkongojo wa pili. Akasema taifa limepata ushahidi ulio hai. Mama huyu alizaliwa na miwili kama pikipiki, na leo, kwa uongozi bora, anasimama kwa mitatu. Tume ilipiga makofi. Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni mwa Bi Mashavu, na Daktari Shekiondo akamnong'oneza kuwa shukrani ziwe fupi.

Zawena alipiga hatua mbele. Ligawa akamshika mkono.

Bi Mashavu alivuta pumzi. Alimtazama Waziri toka kwenye viatu mpaka kwenye miwani, bila chuki, kama anavyomtazama mteja aliyesimama mbele ya karai na kuwazibia wengine.

"Mheshimiwa, nipishe," alisema. "Najifunza kutembea."

Waziri alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama Katibu. Hakuna kanuni katika Jamhuri ya Tambarare inayoeleza nani anaruhusiwa kumwambia Waziri apishe, wala Waziri akiambiwa aelekee upande gani. Wote walisimama wima wakisubiri maelekezo.

Bi Mashavu hakusubiri. Alitanguliza mikongojo, akauleta mguu, na mkongojo wa kulia ulipokanyaga kiatu cha Mheshimiwa, Mheshimiwa akasogea.